Kibali cha Kupaka Rangi

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si woga, ni kwamba wakati mambo haya yanatokea jina lake lilikuwa limepelekwa kufanyiwa ukarabati, na wananchi walikuwa wameombwa kuwa wavumilivu. Barua za kwenda huko ziliandikwa "Kule" tu, na zilifika.

Mpakani mwa Kule kuna mto mdogo wenye daraja la chuma, na upande wa pili wa daraja ipo hospitali ya misheni. Hapo ndipo Mama Nakaniwa alipofanya kazi ya ukunga kwa miaka thelathini na minne mpaka alipostaafu. Alikuwa mama mfupi mwenye mikono mipana, mjane, asiyependa maneno mengi. Akienda sokoni alikuta nusu ya wauza nyanya ni watu ambao yeye ndiye aliyewapiga kofi la kwanza la maisha yao.

Zamani akina mama wa Kule walikuwa wakivuka daraja kuja kujifungua kwake. Kisha siku moja wakaacha kuja. Redio ya Kule ilieleza kwamba wananchi wameridhika, na mtu aliyeridhika hana haja ya kwenda popote, kwa hiyo daraja limefungwa ili asije mtu akavuka kwa bahati mbaya.

Mama Nakaniwa hakuisahau redio ile. Basi Mchungaji Elirehema alipotangaza kanisani kwamba usharika umepata nafasi ya kwenda Kule kwa huduma ya kujitolea, watu kumi na wawili, wiki mbili, yeye alikuwa wa kwanza kusimama. Alifungasha maboksi manne: glavu, mikasi, nyuzi, dripu, na ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni.

Darajani walipokelewa na afisa mwembamba aliyevaa suti ya kijivu na tabasamu lililopigwa pasi. Aliitwa Tegemeo, na cheo chake kilikuwa Mkurugenzi Msaidizi wa Mapokezi ya Wema.

"Karibuni sana, ndugu zetu," alisema. "Mna wema wowote wa kutangaza?"

"Bwana asifiwe," akajibu Mchungaji. "Tunao, kwa neema ya Mungu."

"Wa aina gani, na kiasi gani? Hapa kwetu wema wote umehamishiwa wizarani. Ulikuwa unatapakaa ovyo. Mtu anamsaidia jirani yake, hakuna fomu, hakuna picha. Taifa haliwezi kuendelea namna hiyo."

Mama Nakaniwa akasogea. "Mimi ni mkunga, mwanangu. Nimekuja kuzalisha."

Tegemeo alifungua daftari, akashusha kidole kwenye ukurasa kwa upole, kama mtu anayetafuta jina la marehemu. "Ukunga haumo, Mama. Aina za wema zilizoidhinishwa ni tatu: kupaka rangi, kukumbatia watoto, na kucheza mpira na vijana. Kukumbatia kumejaa mpaka mwezi wa kumi na moja. Mpira, nikiangalia magoti ya kundi hili, sishauri."

Wote kumi na wawili wakaandikwa rangi.

Hati zao za kusafiria zilifungiwa kwenye sanduku, kila mmoja akapewa fulana ya njano iliyoandikwa TUMEKUJA KUPENDA, na namba mgongoni. Mama Nakaniwa alikuwa namba saba. "Tafadhalini msizivue," Tegemeo aliwaasa. "Hapa fulana ndiyo mtu. Sura hubadilika, watu hukonda, huzeeka. Fulana haibadiliki. Zimeingia kumi na mbili, zitatoka kumi na mbili."

Maboksi manne yalipakiwa kwenye gari la serikali. Mama Nakaniwa aliuliza yanapelekwa wapi, akaambiwa kwa fahari kwamba yanakwenda Jumba la Shukrani, yawekwe kwenye makabati ya kioo pamoja na zawadi nyingine zote ambazo taifa limewahi kupokea, ili vizazi vijavyo vione jinsi nchi ilivyopendwa.

*

Kituo cha afya walichopewa kukipaka kilikuwa kimekwisha kupakwa mara arobaini na moja. Kila kundi lilikuja na ndoo zake, na Wizara haikuwa na moyo wa kumkatalia mgeni. Kuta zilikuwa zimenenepa. Madirisha hayakufungika tena. Mlango wa chumba cha kuzalishia ulikuwa umevimba rangi pande zote mbili kiasi kwamba kitanda kilichotoka ng'ambo hakikuweza kupita, kikabaki nje kwenye nyasi, na kuku walikuwa wakikitumia kwa makusudi yaleyale.

Asubuhi ya kwanza alifika Waziri Mdogo wa Wema kuzindua brashi.

"Ndugu wageni," alihutubia, "nchi hii haina matatizo. Nataka hilo lieleweke. Matatizo machache mtakayoyaona tumeyatunza kwa gharama kubwa kwa ajili yenu, msije mkasafiri bure! Kwa mfano, vifo vya akina mama wakati wa kujifungua. Mataifa mengine bado yanahangaika na madawa, na madaktari, na magari. Sisi tulikaa, tukatafakari, tukavipiga marufuku. Tangazo Namba Saba. Tangu siku hiyo hajafa hata mmoja!"

Watu walipiga makofi. Mchungaji Elirehema naye alipiga, ila polepole. Waziri alichovya brashi, akavuta mstari mmoja wa rangi ya pichi ukutani, akapigwa picha, akaondoka na brashi.

Mtumishi pekee wa kituo kile alikuwa Zawena, mama wa makamo aliyeajiriwa kufagia. Mkunga aliyekuwepo alikuwa amepandishwa cheo. Siku hizi alifanya kazi Jumba la Shukrani, akiwaeleza watalii matumizi ya vifaa vilivyomo kabatini.

"Shikamoo, Mama," Zawena alimwambia Mama Nakaniwa walipokuwa wawili tu nyuma ya jengo. "Nimesikia ulichosema pale mpakani. Habari hufika. Ni kweli wewe ni mkunga?"

"Marahaba. Ni kweli. Akina mama huku huzaliaje?"

Zawena alimwingiza chumbani, akamtolea daftari kubwa lenye jalada gumu. Juu yake paliandikwa KITABU CHA WASAFIRI.

Mama Nakaniwa akafungua. Lilikuwa na majina ya wanawake, kurasa na kurasa. Gradesi, miaka kumi na tisa, ameondoka saa nne asubuhi, hakusema anakokwenda. Mwasiti, miaka thelathini na mmoja, ameondoka pamoja na mtoto. Eufrasia, ameondoka. Yunisi, ameondoka.

"Kufa kumekatazwa," Zawena alisema. "Sasa mimi niandikeje?"

Mama Nakaniwa alisoma mpaka macho yakamwuma. Baadhi ya majina aliyajua. Wengine aliwazalisha yeye mwenyewe, upande wa pili wa daraja, wakiwa si wazazi bali watoto. Alifunga daftari, akakaa kwenye ndoo ya rangi.

*

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, kijana mmoja mkulima wa maharage aitwaye Gaudensi alifika akisukuma baiskeli. Mkewe, Pelagia, alikuwa amekaa juu yake upande upande, ameng'ata kona ya kanga. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana.

Mama Nakaniwa aliweka brashi chini. Hakuomba ruhusa, mikono ilikwenda yenyewe. Alimlaza kwenye kitanda kile kule nje, akafukuza kuku, akawaamuru wenzake wa usharika washike vitenge kuzunguka. Aligusa tumbo, akainamisha sikio moja kwa moja juu ya ngozi kwa kuwa pembe yake ilikuwa kabatini. Kisha akafunua.

Kilichotangulia hakikuwa kichwa. Kilikuwa mkono, mdogo, wa bluu, umekunja vidole.

"Mtoto amelala mkingamo, amekatisha tumbo," alisema kwa sauti ya chini, akimwambia Zawena. "Huyu hazaliwi hapa. Mama anataka kupasuliwa. Mtoto yuko hai, moyo nimeusikia. Tukimfikisha hospitali ya misheni ndani ya saa moja atapona yeye na mama yake."

Kutoka pale mpaka darajani palikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano. Na basi la usharika lililowaleta lilikuwa limesimama pale pale mbele ya jengo, limejaa mafuta.

Tegemeo alikuwa amekwisha kufika, amesimama nje ya vitenge, amegeuza uso kwa heshima. "Mama, samahani sana kukuingilia. Kibali chako kinasema rangi."

"Mwanangu, huyu anakufa."

"Hilo haliwezekani kisheria." Aliuweka mkono kifuani. "Lakini ninakuelewa. Ipo fomu, Maombi ya Kubadili Aina ya Wema. Inasainiwa na Kamishna. Kamishna yuko ziarani kupokea ndoo."

"Basi toa gari. Tupeleke darajani tu."

"Basi lina kibali cha kubeba wageni, kutoka nyumba ya wageni mpaka ukutani, na kutoka ukutani mpaka nyumba ya wageni. Mwananchi hapandi. Na mwananchi havuki."

Mama Nakaniwa akamgeukia Mchungaji. "Baba Mchungaji, sema neno."

Mchungaji Elirehema alikuwa mtu mwema. Kila aliyemjua angekwambia hivyo. Alipangusa jasho. "Mama Nakaniwa, tufikirie pia makundi yatakayokuja baada yetu. Tukiharibu hapa, mlango utafungwa. Tuombe kwanza."

"Tumeomba njia nzima kuja huku, Baba. Umeuona huo mkono?"

Hakuwa ameuona. Mama Nakaniwa alimshika kiwiko, akamvuta ndani ya vitenge, akamwonyesha. Pelagia alimtazama mchungaji kwa macho ya mtu asiye na la kuficha tena, akasema, "Baba, nisaidie." Mchungaji alitoka amebadilika rangi.

"Afisa," alisema, akamsogelea Tegemeo mpaka wakakaribiana. "Afisa. Mgeni akiugua, taratibu zinasemaje?"

Tegemeo alichangamka, maana hilo lilikuwamo. "Ah! Mgeni haugui ndani ya nchi hii. Anarudishwa kwao mara moja, na kundi lake lote, kwa sababu kundi ni kibali kimoja. Basi linapewa king'ora."

Mama Nakaniwa aliutazama uso wa Tegemeo, akaona kwamba naye anamtazama, na kwamba hasemi zaidi. Kisha Tegemeo akatoa kalamu mfukoni, akaanza kuichunguza kwa makini, kama ambaye hajawahi kuiona kalamu.

Mama Nakaniwa akarudi ndani ya vitenge. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya Pelagia, na Pelagia alikuwa amevaa fulana ya njano, imembana tumboni, namba saba mgongoni.

"Nakaniwa anaumwa," akasema.

Walimpandisha. Hakukuwa na nafasi ya kubishana wala ya kulia. Mama Nakaniwa alimlaza kwa ubavu wa kushoto kwenye kiti cha nyuma, akamweka Mchungaji sakafuni karibu naye. "Mshike mkono. Asisukume, akitaka kusukuma mwambie ahemehe kama mbwa aliyechoka. Mkono wa mtoto usiuguse, hata ukionekana kulegea, usiuvute. Ukifika mwulizie daktari, mwambie ni mimi nimewatuma."

"Na wewe?" Mchungaji aliuliza.

"Ziliingia kumi na mbili, Baba."

"Nitarudi kukuchukua. Kesho asubuhi, Mungu akipenda."

"Nenda."

Gaudensi alikimbia na basi mpaka lilipomshinda, kisha akasimama barabarani na baiskeli yake, king'ora kikiishia mbali. Tegemeo, aliyewasindikiza, alihesabu fulana darajani, zikatimia, akapiga saluti.

*

Kesho yake Mchungaji alifika darajani kama alivyoahidi. Alielezwa kwa adabu kwamba Nakaniwa, namba saba, ametoka jana kwa ugonjwa, sahihi hii hapa, na kwamba mtu hawezi kuchukuliwa kutoka mahali ambapo hayupo. Alikuja tena wiki iliyofuata. Aliandika kwa Askofu, Askofu akaandika Wizarani, na Wizara ikajibu kwamba imeguswa sana na barua ile na imeiweka kwenye kabati la kioo.

Kule, mambo yalinyooka kwa namna yake. Daftari la wakazi lilikuwa na Pelagia, mke wa Gaudensi, mjamzito. Na kwa kuwa nyumbani kwa Gaudensi kulikuwa na mwanamke mmoja aliyefunga kanga ya Pelagia, basi huyo ndiye. Mama Nakaniwa alikuwa na miaka sitini na mitatu. Gaudensi alimwachia chumba, yeye akalala jikoni, akamwamkia kila asubuhi kwa kupiga goti moja. "Shikamoo, Mama. Unadhani wamefika?"

"Wamefika, baba."

Alisema hivyo kwa siku ishirini na mbili bila kujua.

Barua ilikuja na Tegemeo, imekwisha kufunguliwa, imepigwa mihuri sita. Ilisema: Mgonjwa wetu Nakaniwa alifanyiwa upasuaji, amejifungua mtoto wa kike, kilo tatu, wote wazima. Kanisani walikuwa wameitangaza habari hiyo kwa jina lililokuwa kwenye hati, na baadhi ya washarika wa mbali, wasiojua kisa, walikuwa wanakuja kwa mabasi kumwona ajuza aliyezaa.

Gaudensi aliomba asomewe mara tatu. "Hawakuandika anafanana na nani?"

"Hawakuandika."

Alikaa kizingitini, akafunika uso kwa mikono miwili. Hawezi kumfuata; aliyeridhika havuki. Na Pelagia hawezi kurudi. Yule aliye na jina lake yupo tayari, na nchi haiwezi kuwa na Pelagia wawili.

Kila Jumatatu Tegemeo alikuja na fomu kuuliza kama Pelagia amejifungua. Mwezi wa kumi na tatu wa mimba, Mama Nakaniwa alimkalisha, akampa uji.

"Tegemeo, mwanangu. Wewe unanijua mimi ni nani."

Alikunywa uji taratibu. "Ninajua, Mama. Tangu siku ile ninajua. Ila kujua si kazi yangu. Kazi yangu ni mapokezi." Akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Mke wangu yuko ukurasa wa kumi na nne wa kile kitabu cha Zawena. Yunisi. Niliandikiwa kwamba ameondoka. Nilipewa likizo ya siku mbili ya kumsindikiza."

Mama Nakaniwa alimwongezea uji. Tegemeo alijaza fomu, Bado, akaenda zake.

*

Mama Nakaniwa alikwenda kituoni kila siku, lakini sasa alikuwa mwananchi, na wema wa mwananchi haukuwa na fungu. Watu wa Wizara walipomkuta anamfunga mtoto kitovu walimwandikia onyo. Walipomkuta mara ya pili walimwomba, kwa heshima kubwa, akae nje kwenye benchi, na kwenye benchi wakaandika WANAONUFAIKA. Zawena alimwingiza kwa mlango wa nyuma kadiri alivyoweza. Wengine walipona. Wengine Zawena aliwaandika.

Siku moja asubuhi lilifika kundi jipya, watu wa mbali sana, fulana za bluu. Tangu lile kundi la njano kanuni ilikuwa imerekebishwa, na kila fulana ilichapwa picha ya mwenyewe kifuani, kubwa, ikicheka. Basi lao lilikuwa refu, jeupe, lina kitanda ndani.

Chumbani alikuwemo mama mmoja tangu alfajiri, anavuja damu, na Mama Nakaniwa alikuwa amemaliza yote ambayo mikono mitupu inaweza kufanya. Alitoka nje upesi. Binti mmoja wa kundi lile, mwenye madoadoa puani na uso wa huruma ya kweli, alimwona, akamjia, akampigia magoti, akaishika mikono yake.

Mama Nakaniwa akamwita Tegemeo atafsiri. "Mwambie mimi ni mkunga. Mwambie kwetu ni ng'ambo ya daraja. Mwambie ndani kuna mama anaishiwa damu, nahitaji basi lao, sasa hivi, sio kesho. Mwambie, mwanangu. Tafadhali."

Kwa mujibu wa kanuni, kila tafsiri ilitakiwa irudiwe kwa lugha zote mbili, kwa sauti, ili iingie kwenye kumbukumbu. Nyuma ya Tegemeo alisimama karani mwenye kinasa sauti, na nyuma ya karani, Waziri Mdogo na brashi yake. Tegemeo alimtazama Mama Nakaniwa, akatazama lile basi jeupe. Kisha akasema maneno machache kwa lugha ya wageni, na kuyarudia:

"Mama anasema asante kwa kuja."

Binti alitokwa na machozi, akamkumbatia kwa nguvu. Mama Nakaniwa alijaribu kujichomoa. Juu ya bega la binti aliwaona wenzake wakipanga ndoo, wakifungua vifuniko, wakiulizana ukuta upi uanze.

Chumbani yule mama alipiga kelele, ndefu, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Binti aligeuza kichwa, akauliza kitu.

"Mgeni anauliza hiyo ni sauti ya nini," alisema Tegemeo, amekitazama kinasa sauti. "Nimemjibu kwamba wanaimba."

Mama Nakaniwa alijinasua, akakimbilia ndani. Nyuma yake wageni walikuwa wameanza kupiga makofi, wakitafuta mdundo.